Mwisho Nilioupeleka Jambiani

Wenzangu wa barazani kwangu Mkunazini, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, "Bi Rukia, ilikuwaje huko?" Mara mbili nimeanza kueleza na mara mbili nimekatizwa, mara ya kwanza na muuza samaki, mara ya pili na mmoja wenu, nisimtaje, aliyetaka kujua kwanza nilikula nini. Basi nimeamua kuandika. Maandishi hayakatizwi, na atakayechoka atakunja karatasi aende zake bila kumvunjia mtu heshima.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa hadithi tangu utotoni. Nimeunguza wali kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, na kila sufuria iliyoungua ina riwaya yake. Vitabu vyangu navivika karatasi za kalenda kuukuu, na katikati ya kurasa naweka makonyo ya karafuu ili wadudu wasiingie, ndiyo maana mtu akiazima kwangu hukirudisha kitabu huku anapiga chafya. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nyumba ikishika moto nitaokoa rafu ya vitabu kwanza, kisha yeye. Nilikuwa nikimjibu kwamba inategemea nimefika ukurasa gani.

Mwenzangu katika maradhi haya ni Bi Tatu. Tulikaa nyumba moja, yeye juu mimi chini, na kila riwaya iliyoingia tuliisoma sote wawili, aghalabu nakala moja, yeye asubuhi mimi jioni. Tukajiwekea kanuni. Atakayemaliza kwanza anafunga fundo kwenye pembe ya kanga yake. Fundo lile maana yake ni kwamba nimemaliza, usiniulize, nami sifungui mdomo mpaka nawe umalize. Mwenzake akishamaliza, tunakaa tukazungumza mpaka tuchoke, ndipo fundo linafunguliwa. Kanuni niliitunga mimi, kwa sababu Bi Tatu alikuwa hawezi kuficha jambo, na zaidi ya riwaya moja aliniharibia kwa kuguna tu akipita mlangoni.

Miaka ya karibuni macho yake yakaingia ukungu, kisha yakazima kabisa, na binti yake Asya akamchukua akakae naye Jambiani. Nikawa namsomea kwa simu. Narikodi sura moja, nampelekea, naye anaisikiliza kwa nafasi yake. Kitabu tulichokuwa nacho mara hii kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo, hata jina lake hatukulijua. Kinamhusu mshonaji mmoja, Ruzuna, ambaye mwanawe Sudi alipanda meli akiwa kijana na habari zake zikakatika. Kila siku Ruzuna anampakulia Sudi chakula chake, anakifunika kawa, anangoja. Nilipofika ukurasa wa mwisho niliokuwa nao, hodi ilibishwa. Ruzuna akaweka sindano chini, akainuka, akafungua mlango, na.

Hapo hapo, kwenye "na". Kurasa zilizobaki zilikuwa zimeliwa na panya kabla kitabu hakijanifikia.

Nilimwambia Bi Tatu, "Nivumilie, shoga. Mwisho wake ntautafuta popote ulipo."

Akasema, "Haya." Ilikuwa haya fupi, lakini mimi nilisikia kiu ndani yake, kwa sababu kiu ilikuwa kwangu. Miezi ikapita, nikiuliza kila mtu mwenye rafu nyumbani.

Mjini mpaka Kidichi

Hatimaye nikasikia kwamba mkulima mmoja wa viungo huko Kidichi, Mzee Haji, ana nakala nzima ya kitabu cha mshonaji aliyepotelewa na mwana. Jirani yangu Khamis ana gari ya kusambaza boflo madukani. Asubuhi hupeleka upande wa kaskazini, hurudi mjini kupakia tena, kisha hushuka kusini mpaka Jambiani. Nikaona Mwenyezi Mungu kanipangia. Khamis akaniweka mbele pamoja naye, nyuma mikate ya moto, na harufu yake peke yake ilikuwa kifungua kinywa.

Khamis hajafungua kitabu tangu atoke shule, na hilo analitangaza kama mtu anayetangaza kuacha sigara.

"Bi Rukia, mtu mzima kama weye unafukuzia mwisho wa mambo ambayo hayakutokea?"

"Na weye unayelia timu yako ikifungwa, hao wachezaji ni wajomba zako?"

"Lakini mpira umetokea kweli!"

"Na machozi yangu pia yametokea kweli."

Akawasha redio, nayo ikatusindikiza mpaka tukapita Bububu.

Kidichi tulimkuta Mzee Haji ana kundi la wageni, naye akanichanganya humo humo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijafika kwenye shida yangu akanitia jani puani. "Nusa, useme ni nini."

"Mdalasini."

"Hii?"

"Hiliki. Mzee wangu, mie ni mtu wa Mkunazini, hivi navipika kila siku."

"Basi umefaulu," akasema, na wageni wakanipigia makofi. Ilibidi nipige makofi na mimi. Wageni walipokwenda zao ndipo nikapata kumweleza. Kumbe kitabu kipo, ila hakipo pale. Alikichukua mwanawe Ame, anayetembeza watalii msitu wa Jozani. "Mwambie baba kasema akupe," akaniambia. Kisha akaingia shambani, akarudi na doriani kubwa, bivu, la kutoa harufu mpaka barabarani.

Doriani mimi silili. Lakini kwetu zawadi haikataliwi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikasema Mungu akuzidishie, nikalipandisha kwenye gari ya mikate.

Kidichi mpaka Jozani

Mnajua lilivyo doriani. Tulirudi mjini, Khamis akapakia mikate ya kusini, na mimi kwa ujinga wangu nikaliacha pale nyuma ya kiti. Tulipofika duka la kwanza Tunguu, mwenye duka akachukua boflo moja, akalinusa, akalirudisha taratibu kama anarudisha mtoto wa watu.

"Khamis, mkate wako umefanya nini?"

"Mkate mzima huo!"

"Mzima, lakini unanuka kama msalani."

Khamis akageuka akanitazama. Tukafungua milango yote, tukaiacha gari juani, tukaketi kwenye ukuta tukiupigia upepo mkate kwa maboksi. Asubuhi iliyobaki ikatuishia hapo. Doriani tukampa mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli, naye kwa uso wake nilijua kabisa kwamba halitaki. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka nalo.

Jozani, Ame alikuwa msituni na wageni. Nikangoja kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai, nikala boflo letu wenyewe lenye harufu ya doriani. Juu ya mti kima punju walikuwa wakila majani bila haraka yoyote, na mmoja alinikazia macho muda wote kama msimamizi wa mtihani. Sikuwa na kitabu cha kusoma mkononi. Kwangu hayo ndiyo mateso, msinicheke.

Ame alipotoka nikaona ni bwana mwembamba wa makamo, mabuti yamejaa matope. Nilipotaja kitabu, na shoga yangu ninayemsomea, uso wake ukabadilika. Akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, juu yake kitambaa. Nikaona mtu wa kabila langu. Aliniambia hukisoma akingoja wageni, na keshakirudia hajui mara ngapi.

"Chukua, Bi. Lakini kabla hujakwenda, nkwambie kitu. Mwisho wake..."

"Koma hapo hapo!" Nikaziba masikio kwa vidole vyote viwili mbele za watu.

Alingoja nikaachia. "Skuhadithii. Nnataka nkuulize tu, huyo unayekwenda kumsomea ni mtu wa namna gani?"

"Hata kuuliza usiniulize. Ukiuliza nshajua nusu."

Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akasema, "Haya, Bi. Na usijisumbue kunrudishia. Bakia nacho."

Siku ile nilijiona mwaminifu kupita kiasi. Mwenye kitabu mkononi na kiu kooni, njia nzima iko mbele, na hachungulii! Bi Tatu nami tulikianza pamoja na tutakimaliza pamoja. Nikachomoa pini ya mtandio wangu, nikazibana kurasa za sura ya mwisho ili hata upepo usinifungulie. Ningalisoma pale pale kibandani, kima punju wakinitazama, mambo yangalikuwa mengine. Nalijua hilo sasa.

Jozani mpaka Jambiani

Khamis alikuwa bado amenuna kwa ajili ya mikate yake, na ili kumtuliza nikaanza kumhadithia habari za Ruzuna. Mwanzo alijifanya hasikii. Nilipofika pale mama mkwe wa Ruzuna anapomwambia aache kupakua chakula cha mtu asiyekuwepo, Khamis akapiga usukani kwa kiganja.

"Mwanamke mbaya huyo!"

"Ngoja kwanza."

Nikaendelea mpaka kwenye hodi, sindano, na mlango. Nikanyamaza. Tulikuwa tushafika Paje, na Khamis kasahau kusimama maduka mawili nyuma yetu.

"Na? Nani mlangoni?"

"Ndio naupeleka huo."

"Bi Rukia, kimo hapo mapajani mwako. Fungua, tazama, nambie."

"Hapana."

Ikabidi tugeuze, turudi tukapeleke mikate, huku Khamis akilaumu panya, akinilaumu mimi, akimlaumu Sudi kwa kutopiga simu. Nilimwambia zama hizo simu hazikuwepo. Akasema hiyo si sababu. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, na nadhani hiyo ndiyo saa niliyofurahi zaidi katika safari nzima.

Barazani kwa Asya

Tulifika baada ya sala ya alasiri, Khamis akanishusha akakimbilia maduka yaliyobaki. Wanawake walikuwa wameketi mkekani wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa ajili ya kwenda kuzipanda baharini maji yakitoka, na Bi Tatu yupo katikati yao, amekonda, uso umeinuliwa juu kama wanavyofanya wasioona. Nikatoa salamu. Kabla sijamaliza, mmoja akapiga ukelele, "Ndo yeye! Sauti ndo hiyo hiyo! Mwalimu wa simu!"

Kumbe sauti yangu ilikuwa ikisikilizwa na baraza zima. Bi Tatu alikuwa akiiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nao wanafunga mwani wakisikiliza. Moyo wangu ukajaa. Mwanamke aliyenitambua anaitwa Bi Mize. Asya alininong'oneza kwamba ana mtoto wa kiume aliyekwenda Arabuni kutafuta maisha, na simu yake haipatikani tena. Nilisikia. Nilisikia na masikio yangu mawili, na bado.

Bi Tatu akanishika mikono, akaniketisha ubavuni kwake. Kwenye pembe ya kanga yake niliona fundo. Nikadhani kafunga sarafu, kama wanavyofunga bibi zetu wote. Vidole vyangu vilipita juu yake.

"Shoga," nikamwambia, "nimekuletea mwisho."

Mikono yote ikasimama kwenye kamba. Mimi nikaona hiyo ndiyo shauku niliyoitarajia.

"Umetoka mjini mpaka huku kwa ajili hiyo?" akauliza Bi Tatu.

"Kidichi, Jozani, mpaka hapa. Na sijachungulia hata mstari. Nimeubana kwa pini."

Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele yake, viganja juu, akasema, "Basi soma, Rukia. Mungu akulipe."

Nikachomoa pini, nikasoma. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisoma darasani siku za ukaguzi, enzi za ualimu wangu. Mlangoni alikuwa amesimama mtu asiyemjua, baharia, na sanduku dogo la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na kofia ambayo Ruzuna mwenyewe aliishona. Baharia anataka kueleza, Ruzuna anamzuia kwa mkono. Anamkaribisha, anamketisha, anafunua kawa, na kile chakula cha Sudi anampa mgeni ale. Kitabu kinaishia mgeni akinawa mikono.

Nimesoma miisho mingi maishani, na huu ni katika ile mizuri sana. Nilijua hivyo nikiwa katikati yake. Nilipoona sanduku nilifahamu pia kwamba ningeweza kunyamaza, niseme macho yamechoka, au kurasa zimekatika. Sikunyamaza. Sentensi zilikuwa nzuri, zikanivuta, na sauti yangu ikapanda badala ya kushuka.

Nilipoinua uso Bi Mize alikuwa akikusanya kamba zake. Alizikunja vizuri, akazitia kwenye pakacha.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Unasoma vizuri sana."

Akaondoka. Wenzake wakaaga mmoja mmoja, kwa adabu zote, na kila mmoja alinishukuru.

Asya aliniambia jikoni, akikuna nazi, hakunitazama. "Mama alishakimaliza kitabu kile siku nyingi. Sudi alirudi."

"Alirudi vipi?"

"Alirudi tu. Mama katunga mwenyewe, kawahadithia. Na hawakuishia hapo. Wakija wanauliza, leo Sudi kafanya nini? Bi Mize ndiye aliyemchagulia mchumba. Walikuwa wanabishana jikoni kwangu kama arusi iwe kabla ya Ramadhani au baada yake."

"Mbona hukunambia kabla sijafungua kitabu?"

"Ulikuja na furaha, Bi, na vumbi la kisiwa kizima. Nani angekukatalia?"

Alinipakulia pweza wa nazi, na anayetaka kujua nilikula nini, ndicho hicho. Sikumbuki ladha yake.

Kurudi

Khamis alikuwa harudi mpaka kesho yake alasiri, na sikuwa na pa kujificha. Asubuhi nilikaa na Bi Tatu barazani. Jua lilimpiga upindo wa kanga na nikaliona tena lile fundo. Safari hii nililitazama vizuri. Lilikuwa dogo, limekazwa, tupu ndani.

"Tatu, hili fundo la nini?"

"Hujui fundo?" akasema. "Nshamaliza siku nyingi."

"Mbona hukusema?"

"Mwenye fundo hasemi. Kanuni yako hiyo, si yangu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya wiki. "Nkajua utaliona. Wewe ulikuwa hulipiti fundo."

Nikamwomba msamaha, na nikalia, sioni haya kuyasema. Akanipapasa goti mpaka nikanyamaza. Kisha, maradhi ni maradhi, nikamwambia, "Basi sasa mie nami nimemaliza. Nhadithie wako. Sudi alipofunguliwa mlango alisema nini? Huyo mchumba alikuwa nani?"

Alifikiri. Niliona midomo yake ikitaka kuanza, nikasogea karibu, kama tulivyokuwa tukisogeleana ngazini miaka ile.

"Hapana, shoga," akasema. "Hanijii tena. Kila nikimwita, naona sanduku."

Akaitafuta pembe ya kanga yake, akalifungua fundo kwa vidole vyake mwenyewe bila mazungumzo yoyote, akalainisha mkunjo juu ya paja mpaka nguo ikanyooka.

Alasiri ile hakuja mtu barazani. Tulisikia wakifunga mwani nyumba ya pili, wakizungumza mambo ya bei na mvua. Kinu kilikuwa pale pale kimepinduliwa. Nilimwambia Bi Tatu nitamrikodia riwaya nyingine, ninayo nzuri, ya kuchekesha. Akasema, "Haya." Mara hii niliisikia jinsi ilivyo.

Khamis alipokuja hata hakuzima gari. "Nani alikuwa mlangoni?" akauliza nikipanda. Nikamwambia aendeshe. Aliniuliza tena Paje. Pale Jozani tulimwona Ame kando ya barabara, akatusimamisha, akanitazama usoni. Aliweka mkono wake kwenye dirisha kidogo, kisha akaturuhusu twende.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa huko. Nimesoma hadithi tangu nilipojua herufi, nimejua zimeishaje zote, na ule mwisho mmoja wa Bi Tatu, ambao hakuna panya aliyeula, nimeuua mimi, nao ndio ninaoutaka kuliko yote. Kitabu ninacho hapa, nimekivika karatasi ya kalenda na makonyo yake. Anayekitaka aje akichukue. Sura ya mwisho nimeirudishia pini. Lakini kwanza nitamtazama kanga yake kama ina fundo.